Ndiyo ya Mwalimu Breki

Chumba cha daktari wa miguu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya magodoro na kabla ya choo, hivi kwamba wagonjwa walikifikia wakiwa wameshachechemea mbele ya milango ya wakubwa wote: macho, meno, moyo, mifupa. Siku moja katika kikao alisema kwamba katika hospitali ile wasioweza kutembea ndio wanaotembezwa mbali zaidi, na mkuu akacheka mpaka akafuta machozi, akidhani ni utani. Hakuwa anatania. Wala hakuwa analalamika. Alikuwa anaeleza ramani ya jengo.

Humo chumbani mlikuwa na kiti cha mgonjwa kinachopanda na kushuka, kigoda chake yeye kisicho na mgongo, taa ya shingo ndefu, beseni, na trei ya vyuma: mikasi ya kucha yenye midomo minene, visu vidogo vya kuparia sugu, vibanio, msasa. Kutoka kwenye kigoda kile dunia ilionekana ndogo. Ilianzia kwenye vifundo vya miguu na kuishia kwenye vidole. Kadiri miaka ilivyosonga akawa anasahau sura za watu, lakini nyayo hakusahau hata moja. Sokoni mtu akimshika bega na kumwambia, "Daktari, ndiyo umeshanisahau?" alitazama chini kwanza, na mara nyingi jibu lilikuwa huko huko chini: kidole cha pili kilichompanda jirani yake, kisigino kilichopasuka, fundo lililochomoza kando ya kidole gumba kama kitasa cha mlango.

"Nitakusahauje? Ile kucha imeacha kuota ndani?"

Mtu alifurahi kama aliyeitwa kwa jina lake.

Katika ukoo wao alikuwa Daktari wa Kucha. Jina hilo alipewa na shangazi yake, siku aliporudi kutoka chuoni na kueleza amechagua kusomea nini. "Yaani miaka yote hiyo darasani, uje kukatia watu kucha?" shangazi alisema, na sebule nzima ikavunjika mbavu. "Mbona mimi najikatia mwenyewe, na chuo sijakanyaga?" Tangu hapo kila ndugu walipokutana utani ulikuwa ule ule, ukipashwa moto kama kiporo. Ila wakati wa kuagana ukifika, mmoja mmoja walimvuta kando, nyuma ya mlango wa jikoni au kwenye ukingo wa kitanda cha wageni, wakavua soksi. Wa kwanza alikuwa shangazi mwenyewe. "Hebu nitazamie hapa, mwanangu. Na hao wapenda kucheka usiwaambie."

Aliyekuwa hacheki ni baba yake peke yake.

Baba yake alikuwa mwalimu wa udereva, na mji ulimwita Mwalimu Breki. Gari la kufundishia huwa na breki mbili, moja miguuni mwa anayejifunza na nyingine miguuni mwa mwalimu, na mbili hizo zimeunganishwa: ukikanyaga moja, ya pili inazama yenyewe. Walimu wengine hufoka, hushika usukani, huita mama zao. Yeye alikaa amekunja mikono, shati limepigwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa kama kioo, mguu wa kulia ukielea juu ya ile breki ya pili. Hakupandisha sauti. Wanafunzi wake walisema gari lilisimama kwanza, halafu ndiyo ukajua kwamba umekosea. Mke wa mtu akiona mumewe anaendesha kwa adabu, alisema, "Huyu ni wa Breki," na ilitosha.

Alipokuwa chuoni, binti yake alihitaji miguu ya kujifunzia, na baba akamkopesha ya kwake. Jioni, baada ya kazi, alivua viatu, akajinyoosha kwenye kochi, akafumba macho, naye binti akakaa sakafuni na kifaa chake. Kilikuwa kifaa cha kuchekesha: kijiti cha plastiki chenye uzi mmoja wa nailoni, mgumu kama jino la brashi. Unaugusisha uzi kwenye unyayo, unausukuma mpaka upinde kidogo, kisha unautoa. Mgonjwa akisikia mguso anasema ndiyo. Asiposikia, ananyamaza. Ndivyo inavyojulikana kama mguu ungali unapata habari za dunia, au umeanza kuwa kitu kinachobebwa tu, kama mzigo.

Mwanzoni alikwenda ovyo. Aligusa mara mbili mahali pamoja, akaruka pengine, akarudia.

"Unaparamia," baba alisema bila kufumbua macho. "Pole pole. Gusa. Vuta pumzi. Hama. Gusa. Kama unabadilisha gia, mama. Kila kitu kina mwendo wake."

Gusa, vuta pumzi, hama, gusa. Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo. Mama mtu alipita na nguo alizoanua, akawatazama, akasema nyumba imekuwa ya wendawazimu wawili, mmoja anachokoa na mwingine anaitikia.

Miaka mingi baadaye mama yule alikuwa amekwisha fariki, kochi limebadilishwa kitambaa, na Mwalimu Breki amepata kisukari. Alikipokea kama alivyopokea wanafunzi wabovu, kwa kukaa kimya na kutazama mbele. Binti alikijua kisukari kutoka upande wa chini. Alijua kinavyoanza na ganzi kwenye ncha za vidole, jinsi mtu anavyotembea siku nzima na msumari kiatuni asijue, jinsi kidonda kidogo kinavyofika kwenye mfupa, na baada ya mfupa, kwenye msumeno. Kwa hiyo siku ya kwanza alipomkalisha kwenye kiti chake kule mwisho wa korido, alimwambia maneno aliyokuwa ameyapanga.

"Baba, siku utakapoacha kuusikia uzi huu, unashuka kwenye gari. Si kesho yake. Siku hiyo hiyo."

"Nashuka," baba alisema. "Nikae na breki nisiyoisikia, mimi nina kichaa?"

Wakapeana mikono kama watu waliouziana kiwanja.

Akawa mgonjwa wake. Alikuja alasiri, wakati benchi la nje limekwisha baki wazi, akaegesha lile gari dogo jeupe chini ya dirisha. Viatu alivua mwenyewe na kuvipanga chini ya kiti, vikitazama mlango. "Niliyemfundisha kufunga kamba," alisema, "hanifungulii kamba." Kisha alifumba macho, na binti akashika uzi.

Hapa lazima isemwe kwamba daktari huyu aliijua kazi yake. Vijana waliokuja kujifunza kwake aliwaonya kila mara: msiguse kwa mwendo mmoja. Mgonjwa anataka kuwafurahisha. Anaogopa jibu, basi analitafuta jibu zuri kwenye pumzi zenu, kwenye mlio wa kigoda, popote. Gusa, kaa kimya, gusa haraka mara mbili, kisha shika uzi hewani usiguse kabisa, uone atasema nini. Hivyo alifundisha, na hivyo alifanya kwa kila mtu aliyekalia kiti kile. Kwa baba yake tu, mkono ulirudi wenyewe kule sebuleni, sakafuni, kwenye mwendo aliofundishwa. Hakujua kwamba unarudi. Ingekuwa ajabu kama angejua, maana hakuna mtu anayesikiliza namna anavyopumua.

Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mara zote mwalimu alifaulu, akavaa viatu vyake, akaenda zake kufundisha.

Alasiri moja alikuja akiwa na malalamiko, lakini si ya mguu.

"Gari inakula pedi za breki siku hizi, usiombe," alisema akijiweka kitini. "Nabadilisha leo, wiki mbili tatu, zimekwisha. Fundi ananiambia, 'Mwalimu, wanafunzi wako wa sasa waoga, wanakanyaga breki kama wanaua mende.' Nikamwambia waoga wote wako gereji kwako, ndiyo maana gari haziponi."

"Akasemaje?"

"Aseme nini? Alicheka. Na hawa watoto nao, kila mmoja, 'Mwalimu, gari nzito, mwalimu, haivuti.' Mikono milaini. Mtu amezoea kushika simu, umpe usukani ataona nini?"

Binti alitabasamu, akavuta taa. Mguu ulikuwa safi, kucha zimekatwa vizuri, ngozi imepakwa mafuta. Chini ya kidole gumba cha kulia kulikuwa na sehemu iliyokuwa nyekundu kidogo na ngumu, akaipitishia kidole chake, akaiweka akilini. Kisha akachukua uzi.

"Haya, fumba."

"Nimefumba zamani."

Gusa. Ndiyo. Pumzi. Gusa. Ndiyo. Alikuwa anahamia kidole cha tatu wakati honi ilipolia chini ya dirisha, ndefu na ya hasira, ya mtu aliyezibiwa njia. Daktari aliinua kichwa kutazama kama gari la baba ndilo lililoziba. Mkono wake ulibaki hewani, uzi ukiwa mbali na ngozi.

"Ndiyo," alisema baba.

Honi ilikoma. Yeye hakushusha kichwa mara moja. Aliendelea kutazama dirisha, ambako hakukuwa na kitu cha kutazama, na mkono wake ukabaki pale pale. Akavuta pumzi, kama kawaida.

"Ndiyo," alisema baba.

Kuna wakati mtu hujua jambo lote kwa mara moja, kisha hulazimika kulijua tena pole pole, kipande kwa kipande, kana kwamba ni la mwingine. Alishusha uzi. Alizuia pumzi yake. Akaugusisha kwenye pale pekundu, chini ya kidole gumba, akausukuma mpaka ukapinda, akauacha umepinda. Baba kimya. Akagusa kisigino, baba akaitika ndiyo, kwa kuchelewa; akahamia kidole cha kwanza, cha pili, cha tano, bila mwendo wowote. Baba kimya. Uso wake ulikuwa umetulia, umeelekezwa kwenye dari kama wa mtu anayesubiri zamu yake.

"Mbona umeacha, mama?" aliuliza.

Uzi ulikuwa umepinda juu ya kidole chake.

"Fumbua macho, Baba."

Alifumbua. Alitazama uzi ule ukibonyeza mguu wake, akautazama kwa muda, kwa heshima kidogo, kama mtu anayeonyeshwa picha ya jamaa ambaye hakuwahi kukutana naye.

"Sikukudanganya," alisema mwishowe.

"Najua."

"Kila niliposema ndiyo, ilikuwa ndiyo. Nilijua umegusa."

"Ulijua nitakapogusa. Wewe ndiye uliyenifundisha." Sauti yake ilikuwa ile ile anayotumia kwa wagonjwa wote, na alishukuru kuwa nayo. "Sehemu yote ya mbele haisikii, Baba. Kisiginoni kidogo bado."

Mwalimu alianza kuvaa soksi. Aliivaa taratibu, akainyoosha mikunjo, akafunga kamba za kiatu kwa fundo lile lile alilowahi kumfundisha. Aliposimama alikuwa amekwisha pata la kusema.

"Uzi ni uzi. Breki ni breki. Mguu huu na pedali ile wamejuana kabla hujaolewa. Unipime pale kwenye kazi, si hapa kwenye kiti cha kunyolea."

"Tulikubaliana, Baba."

"Tulikubaliana nisiposikia. Haya, twende nikuonyeshe kama sisikii." Na akatangulia kutoka, akitembea korido nzima wima, bila kuchechemea, akiwasalimu wauguzi.

Binti angeweza kukataa. Badala yake alivua glavu, akamwambia dada wa mapokezi kwamba anatoka kidogo, akamfuata. Baadaye alijiambia kwamba alifanya hivyo kwa sababu za kitaalamu. Ukweli ni kwamba alitaka baba yake ashinde.

Nyuma ya hospitali kulikuwa na uwanja wa lami ambako magari ya wagonjwa huoshwa, na kando yake kijia chenye paa kinachopanda kuelekea jengo la kufulia. Alasiri hapakuwa na mtu. Alikaa kwenye usukani, baba akakaa pembeni yake, akakunja mikono.

"Mkanda," alisema baba.

"Baba, mimi nina leseni."

"Leseni haifungi mkanda. Kioo."

Alifunga mkanda, akarekebisha kioo. Wakazunguka uwanja. "Ukitaka nisimamishe, sema tu," baba alisema. Akasema simama. Gari likasimama kwa ulaini ule aliokuwa ameusahau, bila kuinamisha pua, kana kwamba barabara yenyewe imeamua kuisha. Wakaenda tena. Simama. Likasimama. Akaongeza mwendo, akakata kona, akasema simama katikati ya neno jingine ili amshtukize. Likasimama.

"Umeona?" Baba hakutabasamu, lakini mikono ilijikunja kwa fahari. "Unyayo wako wa vitabuni ule. Huu ni wa kazini."

Na yeye, mtu wa uzi na vipimo, alianza kuhisi roho ikitua. Akafikiri: labda mguu unaweza kusahau ngozi na bado ukakumbuka pedali. Akajua, wakati huo huo akiliwaza, kwamba mgonjwa mwingine yeyote akimwambia neno hilo angemkatalia kabla hajalimaliza.

"Panda pale, tugeuzie juu turudi," baba alisema.

Akaingiza gari kwenye kijia chenye paa. Mlima wenyewe ulikuwa mdogo, hata vitoroli vya mashuka huupanda kwa kusukumwa na mtu mmoja. Gari likapanda kwa shida. Akaongeza mafuta. Injini ikaguna. Gari nzito, mwalimu, haivuti. Akakumbuka maneno hayo yakiwa na sauti ya baba akiwabeza wanafunzi wake. Akatoa mguu kwenye mafuta, akaugusisha kwenye breki yake, kwa unyayo, polepole, kama anavyogusa mguu wa mtu. Pedali ilikuwa imekwisha shuka.

"Baba, umekanyaga."

"Sijakanyaga. Mguu uko juu."

"Toa mguu kwenye breki, Baba."

"Mwanangu, nimekwambia sijakanyaga! Tatizo pedi, nimekueleza, zimekwi—"

"Kioo," alisema binti.

Lilikuwa neno la baba mwenyewe, alilolisema maisha yake yote, na kwa hiyo alitii kabla hajafikiri. Alitazama kwenye kioo cha upande wake. Kwenye kivuli cha kile kijia, ukuta mweupe wa kando, nyuma yao, ulikuwa mwekundu. Taa za breki zilikuwa zinawaka, mbili, kwa utulivu, na harufu ya kitu kilichochemka ilikuwa imeanza kuingia dirishani.

Binti alivuta breki ya mkono, akazima injini. Baba aliinama, akatazama chini, ambako hakuwa na desturi ya kutazama, maana dereva hatazami miguu yake. Kiatu cheusi kinachong'aa kilikuwa juu ya pedali. Hakikuwa kimekandamiza. Kilikuwa kimelala tu, kama mkono uliosahauliwa begani kwa mtu. Alikiinua, na ukuta ukawa mweupe. Akatazama mbele, akakirudisha mahali alipodhani ni juu, hewani. Ukuta ukawa mwekundu.

Alifanya hivyo mara kadhaa. Binti hakumzuia. Kila mtu ana haki ya kurudia kipimo chake.

"Kwa hiyo zile pedi," baba alisema.

"Eeh."

"Na wale watoto. Wote wale." Alitikisa kichwa. "Kuna binti mmoja aliniambia gari nzito, nikamwambia hajala."

Kitu kama kicheko kilimtoka puani, kikaishia njiani. Akatoa leso, akafuta dashibodi, sehemu ya mbele yake tu, akaikunja leso na kuirudisha mfukoni. Harufu ya breki ilipungua. Kutoka jengo la kufulia ulisikika mlio wa mashine zikizungusha mashuka ya watu wasiojulikana.

"Siku hiyo hiyo, tulisema," alisema.

"Ndivyo tulivyosema."

"Basi nashuka."

Akafungua mlango, akashuka, akaufunga kwa adabu, bila kuubamiza. Daktari alimwona kwenye kioo akizunguka nyuma ya gari, akisimama kidogo mbele ya taa zilizozimika, mikono nyuma. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, na Mwalimu Breki akaingia na kukaa kwenye kiti ambacho katika miaka yake yote ya kazi alikuwa hajawahi kukikalia.

"Huku nyuma kuna kelele hivi?" alisema. "Nao walikuwa hawasemi."

Alimpeleka nyumbani. Njia nzima baba hakutoa amri yoyote, isipokuwa walipofika kwenye mzunguko wa sokoni, ambapo alishindwa kujizuia akasema, "Kioo," na binti akatazama kioo, akayaona macho yake humo, yakitazama pembeni. Sebuleni baba alikaa kwenye kochi, akanyoosha mguu wa kulia bila kuombwa, akageuza uso kuelekea dirishani. Binti alipiga goti, akafungua kamba. Chini ya kidole gumba ule wekundu ulikuwa umeongezeka, ila ngozi ilikuwa haijapasuka.

"Nimewahi?" baba aliuliza, bado akitazama dirisha.

"Umewahi."

Gari limepata mwalimu mwingine, kijana aliyefundishwa na yeye mwenyewe, na pedi zake zinadumu. Mzee anafundisha alama za barabarani darasani, akiwa ameketi, na vigari vya kuchezea mezani. Husemekana kwamba akiona mwanafunzi amekosea hukanyaga sakafu. Alimwomba radhi fundi wa gereji. Alimtafuta pia yule binti aliyemwambia hajala, akaambiwa amehama mji.

Siku zake za kupimwa bado huja alasiri, na viatu huvuliwa na binti. Lakini uzi haushiki yeye tena. Humkabidhi mwenzake, daktari kijana asiye na mwendo wowote, kisha anatoka na kusimama koridoni, kati ya stoo ya magodoro na choo, mgongo umeegemea ukuta. Mle ndani kunakuwa na kimya kirefu. Mara ya mwisho kilikuwa kirefu mpaka akadhani wamemaliza, akanyoosha mkono kwenye kitasa.

"Ndiyo," alisikia sauti ya baba yake ikisema.

Mkono ulibaki kwenye kitasa. Ilikuwa ndiyo moja tu, kavu, isiyofuatwa na nyingine, na hakujua kama uzi ulikuwa kisiginoni au hewani. Akauachia mlango bila kuufungua, akachukua beseni lililokuwa pale chini, akaenda kulisuuza.